Nduru ya Pili

Nimekufa mara kumi na moja katika filamu za kutisha, na mara tisa kati ya hizo nilikuwa nimevaa gauni la kulalia. Gauni ni lile lile moja, jeupe, nililishona mwenyewe, maana kazi yangu ya siku za wiki ni kushona sare za shule katika chumba kimoja mtaa wa Bugolobi. Kufa kulikuwa kazi ya Jumamosi.

Sijisifu. Filamu zenyewe ni ndogo, zinatengenezwa na Mkenya mmoja aliyekuja Kampala kufungua duka la kuchapisha kadi za harusi na mabango ya matanga, akaona moyo wake bado una njaa. Anazitengeneza kwa Kiswahili ili zitazamwe kwao, na Kongo, na hapa kwetu na watu wa kambini. Mimi alinichukua kwa sababu ya Kiswahili hicho hicho. Baba yangu alikuwa askari kutoka kaskazini, mama yangu Mluhya wa ng'ambo ya mpaka, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake, sisi watoto tulilelewa kwa Kiswahili cha kambi ya jeshi. Siku moja Mkenya huyo alikuja kuchukua sare ya binti yake, akanikuta namgombeza fundi mwenzangu aliyekata kola kinyume. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, sauti kama hiyo isipotee bure."

Nikaanza na uchawi. Baadaye nikapanda cheo, nikawa maiti.

Ukikaa katika kazi ile miaka minne unazijua nafasi zote za mwanamke, na wala si nyingi. Kuna msichana mzuri anayesikia mlio jikoni. Kuna mama mkwe anayefuga kitu ndani ya chungu. Kuna yaya, huyo huona jini kabla ya watu wote na haaminiwi na mtu mpaka aokotwe kisimani. Kuna mke wa kwanza aliyekufa vibaya na hataki kutulia. Mwanamume yeye ni mchungaji au ni polisi, na wote wawili hufika damu ikiwa imekauka. Mwenye sketi fupi hafiki katikati ya filamu. Nilimuuliza bosi kwa nini, akasema watazamaji wanapenda hivyo. Watazamaji gani? Akasema, watazamaji. Basi nikamwacha.

Tulibishana zaidi juu ya yule wa jikoni. Nilimwambia, jamani, mwanamke gani wa Kampala husikia kitu kimeanguka jikoni akachukua mshumaa, akaenda peke yake, tena bila viatu, akiuliza "Nani hapo"? Sisi tunafunga mlango kwa komeo, tunasukuma kabati, tunampigia simu shemeji, na huyo aliye jikoni ale ashibe aende zake. Bosi alicheka mpaka akakaa kwenye sanduku la taa. "Dada," akasema, "ukifunga mlango, filamu imekwisha."

Hapo alinishinda.

Filamu ninayoikumbuka kuliko zote tuliifanyia mtaa wa Ntinda, kwenye nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe yuko nje ya nchi. Nyumba ilikuwa na ngazi, na bosi akilini mwake jini bila ngazi si jini. Nilikuwa mke wa kwanza aliyezikwa chini ya ngazi hizo, usoni nimepakwa unga wa muhogo, na mke mpya alikuwa msichana mmoja mrembo kweli kweli, mwenye macho makubwa na shingo ndefu. Tulipiga picha mchana, kwa sababu usiku mbwa wa mtaa wanabweka na umeme hauaminiki. Tulitundika mablanketi madirishani, ndani kukawa usiku, na nje watu wanaanika nguo zao juani.

Yule mrembo alikuwa na kasoro moja. Hakuweza kupiga nduru. Alifungua mdomo, macho yakamtoka vizuri sana, halafu ikatoka sauti ya paka aliyekanyagwa mkia. Bosi alijaribu kumtisha kwa mjusi, kwa maji baridi, kwa kumwambia simu yake imeanguka chooni. Aa wapi. Mwisho akanigeukia. Ikaamuliwa kwamba msichana atafungua mdomo mbele ya kamera, na mimi nitasimama nyuma ya pazia na kupiga nduru kwa niaba yake.

Nduru ya filamu ina namna yake. Haina maneno. Unaanzia juu, kwa "a" moja pana, unaishikilia mpaka bosi ashushe mkono. Kule kambini nilikokulia nilizisikia za kweli, na haziko hivyo. Mtu anayepigwa hana pumzi ya kushikilia "a". Anaita watu. Anataja majina, anataja Mungu, anamtaja jirani wa mlango wa pili. Mama yangu alikuwa na dawa ya nduru kama hizo. Akisikia mwanamke analia nyumba ya mtu, alichukua sufuria na mwiko, akatoka nje, akaanza kugonga. Wenzake wakitoka na zao. Hawakuingia ndani, hawakumtukana mtu. Walisimama mlangoni mwa yule mwanamume na kugonga, kumi, kumi na watano, mpaka mlango ufunguliwe. Askari mwenye nishani mbili kifuani alifungua mlango kwa sababu ya sufuria. Sisi watoto tulidhani ni ngoma, tukicheza nyuma yao.

Jumamosi ya kwanza Ntinda nilipiga nduru moja nzuri. Bosi hakuwa hata ameshusha mkono tukasikia geti linasukumwa. Waliingia watu kama ishirini. Madereva wa boda kutoka kijiweni, mama muuza makaa na panga lake, wapishi, na mbele yao wote mzee mmoja wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, mwanajeshi mstaafu, fimbo mkononi na kiatu kimoja mguuni. Alimkuta yule mrembo amelala kwenye ngazi na damu ya rangi ya juisi, na mimi natoka nyuma ya pazia na unga wangu usoni. Mzee akanyanyua fimbo. Haki ya Mungu, nilikuwa karibu kufa mara ya kumi na mbili.

Bosi akapiga magoti kueleza. Mama muuza makaa akaangua kicheko, na madereva wakataka kupigwa picha na maiti. Mzee hakucheka. Kiswahili chake kilikuwa kile cha jeshi, nilichokijua tangu utotoni.

"Wewe nacheza na nduru?" akaniuliza mimi, si bosi. "Hapa mutu akipiga nduru, watu natoka. Mimi naacha chakula. Mimi naacha kiatu. Kesho wewe nalia kweli, nani atakuja?"

Nilimwomba radhi, naye akakubali, lakini akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alikuwa mtu wa busara na wa mikutano. Alituita wote chini ya bati la ofisi yake, akasikiliza kila upande, akatoa hukumu ambayo kila mtu aliipigia makofi, mimi mmoja wao. Siku za filamu tutundike kitambaa chekundu getini. Kitambaa kikiwapo, nduru ni ya filamu, watu wakae na shughuli zao. Kisipokuwapo, watu watoke kama kawaida. Akauliza nani ataleta kitambaa. Nikasema mimi. Nilikuwa na kipande kilichobaki cha kitambaa cha sketi za shule moja, chekundu cha kuonekana tangu barabara kuu. Nilikipinda pindo vizuri, nikakishonea vitanzi viwili vya kuning'inizia.

Kila Jumamosi nilikitundika mwenyewe kwa mkono wangu.

Ukuta mmoja ulitutenganisha na nyumba ya jirani, yenye geti la buluu. Mwenye nyumba hiyo alikuwa mwanamume wa ofisini, mpole, wa kusalimia kwa mikono miwili na kuuliza habari za kazi. Jumamosi alikuwa nyumbani. Mkewe nilikuwa nimemwona siku ile ya nduru ya kwanza. Watu wote waliingia ndani kwetu, yeye alibaki amesimama getini kwake, kitenge kichwani, anatazama. Hakuwa anatutazama sisi wenye damu. Alikuwa anawatazama waliokuja.

Tangu hapo tulisalimiana. Alikuwa na Kiswahili kidogo, cha sokoni, lakini alikitumia bila haya. Asubuhi ya Jumamosi ya tatu alinikuta getini na kitambaa mkononi.

"Leo nyinyi naweka hiyo?" akauliza.

"Tunaweka, dada. Tena leo ni mpaka jioni."

Alikitazama kitambaa. Nikadhani kelele zinamsumbua, pengine ana mgonjwa au mtoto mchanga. Nikamshika bega kwa wema wangu mwingi. "Vumilia tu, dada yangu," nikamwambia. "Zimebaki wiki chache."

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi kuliko mistari yote niliyowahi kukariri. Vumilia.

Baada ya Jumamosi nne bosi aliniita dukani kwake Bugolobi, chumba cha nyuma, nisikilize kazi ilivyo. Fundi wake wa sauti ni Mkongo mmoja mwembamba, mtu wa kusema maneno matano kwa siku, ambaye hakuvua hedifoni hata akila. Siku hiyo alizivua.

"Dada," akasema, "hapa ulipiga mara mbili?"

"Mara moja. Kwa nini?"

"Kuna ya pili. Iko chini ya yako. Jumamosi ya pili iko, ya tatu iko, ya nne iko. Ya kwanza hakuna."

Alinivika hedifoni. Nikajisikia mwenyewe kwanza, "a" yangu pana, safi, ya kupendeza kabisa. Kisha chini yake, mbali, kama mtu yuko ndani ya pipa, nikasikia nyingine. Ilikuwa fupi. Ikakatika, ikaanza tena. Na ilikuwa na maneno. Sikuyapata, ukuta ulikuwa umeyala, ila niliweza kusikia kwamba neno moja linarudiwa. Nikaomba anirudishie. Akanirudishia mara nne, tano. Nywele za mikono zilinisimama, mimi niliyekufa mara kumi na moja, na nikajua sauti ni ya nani.

Bosi naye alikuwa ameisikia, na alifurahi mno. "Dada, hiyo ni baraka!" akasema. "Hiyo ndiyo sauti ya mzimu wenyewe! Hata tungetafuta mtu hatungempata. Hiyo siiondoi."

Nikamwambia huo si mzimu, ni mke wa jirani. Nikamwambia anapigwa, tena anapigwa Jumamosi, kitambaa chetu kikiwa getini, kwa sababu yule bwana wa mikono miwili anajua siku hiyo hakuna atakayetoka. Bosi si mtu mbaya, ana binti, anaimba kwaya. Alijikuna kidevu, akasema lile ambalo nililisubiri kutoka kwake. "Lakini dada, hayo ni mambo ya mtu na mkewe."

Nilikasirika. Sikupiga kelele, maana nilikuwa nimechoka na kelele. Nilimwambia mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na kwamba kama atatundika kitambaa kile tena, atafute maiti mwingine. Nikatoka nikarudi kwenye cherehani. Kutwa nzima nilishona mifuko ya suruali kwa ndani nje.

Nilipanga nimwendee mwenyekiti Jumamosi iliyofuata asubuhi na mapema, kabla kazi haijaanza. Kwa nini sikumwendea siku za kati? Nilikuwa na sare mia moja na ishirini za kumaliza, shule zinafunguliwa. Hiyo ndiyo sababu, na nimeitazama kila upande, haijawahi kuwa nzuri zaidi.

Jumamosi hiyo barabara za Ntinda zilifungana tangu asubuhi. Lori lilikuwa limeharibika njia panda, na nilishuka nikatembea. Nilipoingia mtaani ilikuwa karibu saa sita. Kwa mbali nikaona kitambaa chekundu getini. Bosi alikuwa ametundika. Baadaye aliniambia alidhani hasira zangu zimekwisha, kwa kuwa sikumpigia simu.

Nikasikia nduru.

Haikuwa ya filamu. Filamu haikuwa imeanza, walikuwa wananisubiri mimi, msichana mrembo amekaa ukutani anakula ndizi ya kuchoma. Na alisikia. Bosi alisikia. Mama muuza makaa alikuwa anapima makaa kwenye debe, akaendelea kupima. Madereva kijiweni waliendelea na karata.

"Husikii?" nikamuuliza mama muuza makaa.

"Nasikia," akasema. "Si kitambaa kiko?"

Nilikivuta kitambaa kile nikakichana vitanzi. Nikafungua mdomo nikapiga nduru, ya kweli sasa, yenye maneno, "Jamani tokeni, anauawa!" Nayo ikatoka nzuri mno, kwa mazoea. Wale wa kijiweni wakageuza shingo, wakanitazama, mmoja akaniinulia dole gumba. Walikuwa wanajua kazi yangu. Sauti iliyowahi kuwatoa watu viatu nilikuwa nimeitumia yote, Jumamosi baada ya Jumamosi, na haikubaki hata ya kununulia jirani mmoja.

Hapo nikamkumbuka mama yangu. Sikufikiri, nilikimbia jikoni kwetu, kule ambako wanawake wa filamu za bosi huenda na mishumaa, nikachukua sufuria kubwa ya chakula cha wafanyakazi, nikamwaga maharage kwenye sinki, nikachukua mwiko. Nikasimama mbele ya geti la buluu nikaanza kugonga.

Hakuna filamu inayogonga sufuria. Wa kwanza kutoka alikuwa mzee wa ng'ambo, kwa kuwa alikuwa ameishi kambini na alijua maana yake. Safari hii viatu alikuwa navyo vyote, na fimbo, na mkono wake wa kulia ulikuwa na posho bado, ugali wa chakula alichokiacha. "Ni hapa?" akauliza, nikasema ni hapa. Kisha mama muuza makaa na debe lake tupu, akiligonga kwa jiwe. Kisha yule mrembo na mfuniko wa sufuria, na hapo ndipo nilipompenda. Kisha madereva. Hatukuingia, hatukumtukana mtu. Tuligonga.

Geti lilifunguliwa na bwana mwenyewe. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo mpaka juu. Alikuwa anahema kidogo, kama mtu aliyepanda ngazi.

"Ndugu zangu," akasema kwa upole ule ule, "si kuna filamu leo?"

Mzee akamwonyesha geti letu kwa fimbo. "Kitambaa hapana," akasema. "Toa mama hapa nje."

Alitoka mwenyewe, mama, bila kutolewa, kitenge kimeshuka mabegani, mkono mmoja ameushika kwa mwingine. Mwenyekiti akaitwa, akaja, na safari hii hakuitisha mkutano. Yaliyompata bwana yule baada ya hapo yalikwenda kwa njia zake, mengine nayajua, mengine sikuyauliza. Mimi nilikaa na mama yule kwenye ngazi za mzimu, mablanketi tumeyashusha ili apate hewa, nikamfunga mkono kwa kile kitambaa chekundu kwa sababu hakikuwapo kingine. Mkono ulikuwa umevunjika.

Nilimwambia kwamba sauti yake imo kwenye mashine, Jumamosi tatu. Nilimuuliza kwa nini alilia nikiwa nalia mimi, wakati huo huo, asingoje kimya. Nilikuwa na hasira naye pia, sijui kwa nini, labda kwa sababu ningetaka kosa ligawanywe.

Alinitazama kama mtu anayemweleza mtoto.

"Siku ile wewe nalia, mimi naona watu nakuja," akasema. "Wote. Muzee nakuja bila kiatu. Mimi nasema, huyu mama akilia, watu nakuja. Sasa wewe nalia, mimi pia nalia. Nasema, watu akikuja kwa wewe, atasikia mimi."

Mambo ya kitambaa hakuna mtu aliyemweleza mwanzoni. Mkutano wa mwenyekiti ulikuwa wa wenye nyumba, na mwenye nyumba kwao alikuwa mumewe. Alipokuja kujua maana yake ndipo akaniuliza pale getini, nami nikamwambia avumilie; bado aliendelea kuita, labda hata mmoja atatoka.

Nilimwambia nitahakikisha inafutwa. Akatikisa kichwa.

"Acha," akasema. "Usitoe. Acha watu nasikia."

Akaenda kwa dada yake Mbale siku ya pili yake, na mifuko miwili. Nilimpeleka mpaka kituo cha basi.

Filamu ilimalizika bila mimi kufa tena. Bosi alitimiza ahadi yake ya tangu mwanzo, kwamba majirani wataitazama kabla ya wote, bure, mle mle ndani ilimotengenezwa. Ikawa Jumapili alasiri. Mablanketi yakarudi madirishani, picha ikatupwa kwenye ukuta mweupe kando ya ngazi, na yule fundi Mkongo akaleta spika mbili kubwa kama makabati. Mtaa mzima ulikuja. Mama muuza makaa alivaa gomesi, gauni lake refu la harusini. Mzee aliwekewa kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti.

Walicheka sana. Nilipotokea na unga wangu usoni walicheka mpaka wakafuta machozi, na mimi pia nilicheka, ni kweli nilifanana na mandazi yasiyoiva. Msichana mrembo akasikia mlio jikoni. "Usiende!" wakamfokea. "We mjinga, funga mlango!" Akaenda, na mshumaa, bila viatu. Akafungua mdomo, na nduru yangu ikajaa chumbani, na watu wakapiga makofi na miluzi.

Kisha ikaja ile ya chini.

Katika hedifoni ilikuwa uzi tu. Katika spika zile ilitoka ukutani, upande ule ule wa geti la buluu, na neno lililokuwa limeliwa likasikika na kila mtu. "Muzee! Muzee wee! Muzee!"

Makofi yalikatika moja moja. Mzee alikuwa amesimama. Kivuli chake kilimfunika yule msichana karibu mzima, na ukutani yakabaki macho yake makubwa tu.

"Kaa, Mzee," dereva mmoja akamwambia kwa upole. "Ni filamu."

"Ya kwanza ni filamu," mzee akasema. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia. "Ya pili, mama naita mimi. Mimi nasikia, Jumamosi zote nasikia. Na mimi nilikuwa nakula."